Mchicha wa Uani

Kila nyumba ya mtaa ule ilipaswa kupanda mchicha uani, na hakuna aliyeruhusiwa kuula. Kazi yake ilikuwa kunyonya sumu ya metali ardhini. Ukishakomaa, watu wenye glavu walikuja kuung'oa, wakaenda kuuzika mbali. Mboga za kula zilitoka kiwandani, zimepauka kama karatasi.

Jioni moja mama mmoja wa mtaa huo, Sikudhani, aliporudi kutoka kazini alilakiwa na harufu ya mchicha wa nazi.

"Mama, mboga umepata wapi?"

Bi Kauthari, mama mkwe wake aliyewasili juzi kutoka shamba, alicheka. "Si hapo uani! Mgeni siku mbili, mwanangu, ya tatu mpe jembe. Hamkunipa, nimelichukua mwenyewe. Mchicha umenawiri vile, mnauacha uzeeke?"

Sikudhani hakuwa amemwambia kwamba ule hauliwi. Aliona haya. Mgeni, tena mkwe, utamwambiaje usiguse hiki, usile kile? Alijiambia atamweleza kesho, na kesho ikazaa kesho.

"Zaitu yuko wapi?"

Binti yake alikuwa jikoni, ameikumbatia sufuria, anaikomba kwa kidole. Ndiye yule aliyekuwa akilia akilishwa hata kijiko kimoja tu cha mboga ya kiwandani.

"Tamu, mama," alisema, ulimi wa kijani. "Ina ladha kama ya ufunguo."

Bi Kauthari alimpangusa mdomo kwa upindo wa khanga.

"Hiyo ndiyo ladha ya udongo wa kwenu, mjukuu wangu."