Mzee wa Kiooni

Sheria ilitaka kila nyumba iwe na vioo vinavyomwonyesha mtu atakavyokuwa uzeeni, kwa kadiri ya akiba yake. Kihiyo, aliyekatisha michango ya pensheni akanunua makochi, alimtazama kwa dharau mzee aliyekonda kiooni, amekaa sakafuni miguu peku.

"Kajitu gani haka!" alicheka. "Kaambie kaache kuyatolea macho makochi yangu."

"Ndiye wewe huyo, baba Senzia," alisema mkewe Nakijwa, ambaye hakukosa kuweka akiba hata mwezi mmoja.

"Mimi? Mimi nitazeekea kwako, mama."

Kihiyo akageukia kioo cha mkewe. Humo bibi kizee aliyenawiri alikuwa akinywa chai sebuleni, mlango ameutia komeo. Kiti kilikuwa kimoja tu.