Aliyepata Swali la Rombasi

"Nani alianza?" Profesa alifoka, akitikisa rundo la karatasi za majibu. "Nipeni mmoja tu. Wengine nitawasamehe."

Wanafunzi wa mbele walitazamana, wakainamisha vichwa.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa kidato cha tatu; jina hilo alijipachika mwenyewe, na ole wako ukisahau.

Mtihani wa pamoja ulikuwa umesahihishwa na walimu wa shule jirani, na swali la rombasi likamvua nguo mchana kweupe. Darasa zima liliandika kwamba mistari miwili ya kona kwa kona kwenye rombasi ina urefu sawa, "bila ubishi wowote". Neno kwa neno! Tena ni mada aliyoifundisha muhula huu mpaka mate yakamkauka.

Alibeba karatasi hadi ofisini kwa mwalimu mkuu, mama mpole wa somo la historia aliyeogopa namba kama mbwa mkali. Profesa alisoma kwanza wino mwekundu wa msahihishaji, ndipo akacheka kwa dharau.

"Upuuzi! Mistari hiyo inalingana kwenye mraba. Ukiusukuma mraba ukalala upande, ukawa rombasi, pande nne zinabaki sawa, lakini mstari mmoja unarefuka, mwingine unafupika. Hata mbuzi anajua. Hawa wamenakiliana, Mkuu, bila ubishi wowote."

"Yupo mmoja aliyepata," alisema mwalimu mkuu.

Profesa alilitazama jina la msichana huyo. Sura haikumjia. Hata hivyo aling'amua mara moja: mwizi ndiye huyu. Kaiba mtihani, kawagawia wenzake jibu bovu, zuri kajiwekea mwenyewe. Alijipongeza kimoyomoyo kwa akili aliyojaliwa.

"Afukuzwe leo hii," alisema.

Msichana aliletwa ofisini, na shangazi aliyemlea akaitwa. Alikuja mbio kutoka kwenye cherehani yake, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu, nakuomba sana, usimwachishe mtoto shule. Huyu ndiye tegemeo langu. Akitoka hapa hana pengine pa kwenda."

"Mama, machozi hayafundishi hesabu," Profesa alimjibu, akamgeukia msichana. "Haya. Nani alikupa jibu?"

"Hakuna, mwalimu."

"Darasa zima limekosa, wewe peke yako umepata. Jibu limekushukia usingizini?"

Mwalimu mkuu aliiweka kalamu juu ya fomu ya kufukuzia, akasita. "Sema ukweli, mwanangu. Nitasaini sasa hivi, na nikishasaini siwezi kuirudisha."

Msichana alianza kulia. Hakumtazama Profesa wala mwalimu mkuu. Alimtazama shangazi yake.

"Nisamehe, shangazi. Nilikuficha."

Shangazi alijishika kifua. Profesa alitabasamu, akaegemea kiti na kukunja mikono, tayari kusikiliza ungamo.

"Niliogopa utanipiga," msichana alisema. "Mwalimu alinitoa darasani siku ya kwanza ya muhula kwa sababu sikumwita Profesa, akasema nisikanyage tena kipindi chake. Muhula mzima nimejisomea kitabu, peke yangu, maktaba."