Kiriba cha Tosh

Kiriba kilipogoma kutoka, Sanobar alipanda juu ya sanduku akakivuta kwa mikono miwili. Vumbi likamwagikia mazulia aliyoyakung'uta asubuhi.

"Mama, kiache. Ni cha babu Tosh," alisema binti yake, Zulhumor.

"Ndiyo maana kinatoka. Watu wanakuja kukuposa kutoka Tashkent, wakute ukutani tumetundika ngozi ya mchota maji?"

Kiriba kikaishia nyuma ya kuni. Ukutani ukabaki msumari.

Walimsikia wapi Zulhumor, hao watu wa Tashkent? Hakuna aliyejua. Siku moja tu kijana Sherzod alikuja na shangazi yake, akanywa chai, akaondoka, na tangu hapo binti hali wala halali. Leo bibi yake kijana angekuja mwenyewe na mkate. Mkate ukivunjwa, uchumba umefungwa. Ukirudi mzima, Bukhara yote itakuwa na habari kabla ya chai ya jioni.

Sanobar alikuwa amejiandaa. Alimwomba mwalimu Ergash, mstaafu wa somo la historia, aichimbue nyumba yao: aliijenga nani, na waliishi akina nani. Mwalimu alizunguka kwa wazee wa mtaa, akarudi na majibu.

"Nyumba ilikuwa ya Hakimboy, tajiri wa hariri. Serikali mpya ilipokuja kuwasomba matajiri, familia nzima ilitoweka. Siku hiyohiyo wazee walimwona mchota maji wake, Tosh, akitoka na kiriba kimefura, na visima vilikuwa vimekauka. Alirudi baadaye mikono mitupu, akahamia humu. Babu yako huyo."

"Mwalimu, watu hawasafiri kutoka Tashkent kuja kuoa kwa mchota maji. Huyo tajiri hakuacha mtu?"

"Hakuna anayejua."

"Basi aliniacha mimi."

"Mama Zulhumor, babu si koti, uvue huyu uvae yule."

"Kunywa chai yako, mwalimu."

Mwalimu akanywa chai yake. Mama mwenye binti wa kuoza, wasiwasi ukishampanda, humwambii kitu.

Wageni walifika adhuhuri. Mlango wa sebule ulikuwa mfupi. Shangazi akagonga kipaji, Sherzod naye akagonga chake. Bibi Mastura, mzee kuliko wote, aliinama mapema akapita, akaenda kukaa chini ya dirisha kabla ya kukaribishwa. Macho yake yakatua kwenye msumari.

"Nyumba nzuri," alisema, mkate mapajani. "Ni ya nani?"

Hapo ndipo Sanobar alipokuwa anapangojea. "Ya babu yangu, bibi. Hakimboy, tajiri wa hariri. Sisi ni damu yake."

"Hakimboy." Bibi Mastura alipapasa ukingo wa mkate. "Nami nilisikia palikuwa na mchota maji humu. Tosh."

Zulhumor akafungua mdomo. Mama yake akamfinya paja.

"Alikuwepo," Sanobar alisema, akimmiminia mgeni chai. "Watumishi, bibi, si unawajua? Mkono mwepesi. Siku ile ya vurugu alitoka na kiriba kimefura, kumbe amejaza mali ya babu. Hatukumwona tena, yeye wala kizazi chake."

"Hamkumwona tena."

"Na tunashukuru."

Zulhumor aliinamisha uso. Sherzod alimtazama bibi yake, akingoja mikono ile iuvunje mkate.

Bibi Mastura akaufunga tena kwenye kitambaa, taratibu, ncha kwa ncha, akasimama.

"Kiriba kilifura, hilo ni kweli," alisema. "Ndani nilikuwa mimi. Hakimboy alikuwa baba yangu, na hakuwa na mtoto mwingine."

Mlangoni akainamisha kichwa.

"Twende, Sherzod. Sisi tulikuja kuposa kwa Tosh."