Matunda ya Mkutano

"Shangazi, punguza kuguna," matroni alimnong'oneza mwanamke wa kitanda cha mwisho, huku akimvutia shuka kidevuni. "Wageni wameshafika getini. Kuugua nako kuna adabu yake."

Mwanamke alifumbua macho kwa shida, akaomba maji. Matroni alitazama sakafu iliyosuguliwa mpaka inateleza, akaona yatamwagika. Akamwambia avumilie, wageni hawatakaa sana.

Wodi ilipendeza kupita kiasi. Ilijengwa kwa ajili ya mkutano mkubwa wa afya wa dunia, ule ulioufanya mji mzima upakwe rangi, mpaka mawe ya kando ya barabara. Sasa waandaaji walikuwa wamerudi kuona mkutano wao umewaachia nini wananchi, na mkurugenzi wa hospitali hakutaka aibu. Vitanda vyote vilijaa. Wagonjwa walilala chali, tuli, isipokuwa huyu mmoja aliyechelewa kuja, akaingia kwa mlango wa nyuma akijikokota, na tangu hapo hakunyamaza.

"Haya ndiyo matunda ya mkutano," mkurugenzi aliwaambia wageni, kifua mbele. "Mnaona wenyewe. Hakuna anayelala chini."

Wageni wakapiga picha. Mmoja wao, daktari mwanamke, hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kitanda cha mwisho, akamgusa yule mwanamke paji la uso, akamshika mkono. Uso wa daktari huyo ukabadilika.

"Anaungua," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mapigo hafifu. Daktari wenu yuko wapi?"

Matroni aligeuka. Akamtazama mkurugenzi; mkurugenzi akatazama dari.

"Daktari yuko... yuko semina," mkurugenzi alisema. "Na huyu mama naye, anapenda kudeka."

Mwanamke akatoa sauti ndogo, macho yakapinduka. Matroni akasahau wageni, akasahau na mkurugenzi.

"Jamani, anatutoka!"

Hapo mgonjwa wa kitanda cha jirani, miguu yote miwili imefungwa bandeji mpaka mapajani, akatupa shuka, akaruka chini, akamkimbilia yule mwanamke na kumpima shingoni.

"Leteni dripu, haraka!" alifoka, bandeji zikiburuzika nyuma yake. "Matroni, huyu si mfanyakazi mwenzetu. Huyu ni mgonjwa!"