Chumvi ya Faki

"Choo changu kitakuwa juu kilimani, kisima chako huku bondeni. Vitakutana wapi, Bi Mwanaidi?" Ndivyo alivyouliza jirani yake, Faki, alipoombwa asichimbe pale.

Bi Mwanaidi alikuwa na wajukuu wanaokunywa maji ya kisima hicho. Shimo la choo lilipokamilika, kabla halijatumiwa, alimwaga humo gunia la chumvi na madebe ya maji. Kila baada ya sala ya alfajiri akawa anaonja maji ya kisima.

Siku ya kumi na moja alimwita Faki. Akasema bismillahi, akateka, akampa kata ya maji.

Faki akanywa, akakunja uso. "Umeyatia chumvi?"

"Niliitia shimoni kwako. Imekuja yenyewe, chini kwa chini. Wewe utatia nini, jirani?"

Faki akaiweka kata ukingoni, akaondoka, akakipanda kilima.