Mkono Begani

Kijijini hapo kura hupigwa kwa kusimama: kila mtu hujipanga nyuma ya mgombea wake na kumshika bega aliye mbele, ili karani asimhesabu mtu mara mbili. Mstari wa Mwenyekiti Kihiyo ulikuwa umelizunguka ghala lote la mahindi. Nyuma ya Bi Namkunda, mkunga, hapakuwa na mtu.

Mndolwa alikuwa ameshika bega la kaka yake. Watoto wake wote wanne walipokelewa na mikono ya yule mama.

"Tulia," kaka yake alimnong'oneza bila kugeuka. "Mbegu za ruzuku anagawa nani?"

Karani akaanza. "Moja. Mbili. Tatu."

Mndolwa akaliachia bega. Akavuka uwanja, jua likimchoma utosini, minong'ono yote ikakatika. Bi Namkunda hakumtazama alipomshika bega.

"Wewe Mndolwa!" Mwenyekiti aliita. "Umepotea njia?"

Mndolwa alisikia ndala zikiburuta mchangani, zikija upande wake, polepole. Kisha mkono mzito ukatua begani mwake, ukamshika kama mpiga kura amshikavyo aliye mbele. Mndolwa hakugeuka.

Karani akaacha kuhesabu.