Damu ya Kitovu

Mwasiti aliposhika mimba ya pili alihama kabisa mtaa wa ghala la dawa za kuulia wadudu wa pamba, kwa sababu mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa kule, alikuwa ametimiza miaka sita bila kutamka hata neno moja. Miezi yote tisa alikunywa maji ya mlimani, na samaki wa bwawa la kule hakuwagusa. Alipojifungua binti, wataalamu waliokuwa wakichunguza sumu ya ghala lile walichukua damu ya kitovu wakaenda kuipima.

Wiki ya tatu Sista Perpetua, muuguzi wa kliniki, alimwita chumbani, akafunga mlango.

"Mama, sumu imeonekana. Ni ileile, na si kidogo."

"Haiwezekani, Sista. Mimi nilihama!"

"Ulihama, ndiyo, lakini ulikulia kule. Dawa hii ikishaingia mwilini hukaa kwenye mafuta miaka na miaka. Mtoto ameipata kwako."

Mwasiti alikaa. Nyumba aliihama, lakini mwili huu angeuhama vipi?

"Na maziwa?" aliuliza.

"Humo pia imo. Hata hivyo mnyonyeshe, mama. Bado hakuna kinachoyashinda."

Mtoto aliamka, akaanza kulia. Mwasiti alifungua vifungo viwili vya gauni, mkono ukagoma kwenye cha tatu. Kilio kilizidi, hadi wanawake waliokuwa wakisubiri nje kwenye benchi wakagonga mlango.

"Mpe ziwa, dada!" walimwambia. "Mtoto ana njaa huyo!"